Nilivyoliokoa bati la nyumba ya mama Igogo

Mama anakaa Igogo, Mwanza, juu kabisa kwenye mawe, nyumba inatazama Ziwa Victoria moja kwa moja. Upepo wa kule haubishi hodi, unatangulia mvua na kuingia chini ya bati kabla hujamaliza kufunga dirisha. Kila masika misumari ya bati ilikuwa inachomoka kidogo kidogo. Fundi anaitwa, anapanda, anaigongelea kwenye tundu lile lile, analipwa, anashuka. Masika ijayo yeye tena.

Safari hii nikapanda naye. Nikachomoa msumari mmoja kwa vidole tu, bila nyundo. Chini ya kofia yake kulikuwa na kutu nyekundu, na tundu kwenye papi, ule ubao wa chini ya bati unaopigiliwa misumari, lilikuwa jeusi kwa maji, limetanuka kiasi kwamba msumari ulikuwa unacheza ndani. Kwenye tundu kama hilo hata ungegonga msumari wa dhahabu ungetoka.

Msumari hauna nyuzi, ile mikunjo inayozunguka skrubu. Kinachoushika ni mbao kuubana tu. Nyumba nyingi zinaezekwa kwa mbao mbichi, na mbao ikikauka inasinyaa, ule mkazo unapungua. Juu yake kuna bati linalotanuka kwa jua la mchana na kunywea usiku, kila siku ya Mungu, likiutikisa msumari. Halafu upepo. Watu wengi tunadhani upepo unalisukuma bati, kumbe ukipita juu ya paa unalinyonya kwenda juu, na nguvu kubwa iko kwenye kingo na pembe. Yaani unauvuta msumari kwa kufuata ulikoingilia, na huko ndiko msumari uliko dhaifu. Ukiuvuta kwa ubavu, msumari huo huo ni mgumu sana, ndiyo maana kenchi zetu, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zilizoungwa kwa misumari hazikuwa na tatizo lolote.

Kwa hiyo kwenye bati nikaamua kutumia skrubu. Fundi hakufurahi. "Bosi, hizo zinauzwa moja moja, misumari unapima kilo. Utajiumiza bure." Nikamwambia hatufungi paa zima. Tunaanza na kingo zote, pembe, na pale kwenye kofia ya paa, lile bati linalofunika kilele; katikati tunaacha misumari iliyo mizima.

Dukani mjini, muuzaji aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Unafunga kwenye mbao au kwenye chuma?" Skrubu ya chuma ina ncha kama ya kekee na nyuzi za karibu karibu, ukiitia kwenye mbao inakula tundu na nyuzi hazipati pa kung'ata. Ya mbao ina ncha kali na nyuzi zilizoachana. Nikachukua zile nene, milimita 6.3, kwa sababu ni nene kuliko msumari wa bati, kwa hiyo hata kwenye tundu la zamani zinapata mbao mpya pembeni. Pale papi ilipooza tulihamisha tundu, lile la zamani tukaliziba.

Kazi yenyewe inataka mkono mwepesi. Chini ya kichwa cha skrubu kuna washa, kisahani kidogo chenye mpira. Fundi alikuwa anakaza mpaka mpira unatoka nje kama ulimi na bati linabonyea, na maji yanapenda sana kutuama kwenye kibonyeo. Tukakubaliana: mpira ukianza tu kuchungulia pembeni, acha. Na tufunge kwenye mgongo wa bati, siyo kwenye bonde ambako maji yanapita.

Kitu ambacho wengi wanakisahau ni kwamba ukilishika bati vizuri, upepo utaling'oa pamoja na papi. Papi nazo zimepigiliwa kwenye kenchi kwa misumari inayovutwa vile vile kwenda juu. Hapo sikununua skrubu. Nilichukua waya wa kufungia nondo, nikaukunja mara mbili, nikazungusha papi na kenchi pamoja, nikasokota kwa koleo mpaka ukakaza. Kwenye kila makutano ya kingoni. Kazi ya kuchosha shingo, lakini bei yake ni ndogo mno.

Yakabaki mawe. Mama alikuwa ameyapanga juu ya bati miaka mingi, na mimi nilikuwa nayaogopa kwa ajili ya wajukuu wanaocheza chini. Nikamwomba tuyashushe.

"Mwanangu, hayo mawe yametulinda tangu baba yako yupo. Hizo skrubu zako zipite vuli kwanza, ndiyo tuongee."

Vuli ikapita. Palivuja sehemu moja, mpira wa washa ulikuwa umepasuka, nikaubadilisha. Mama akaruhusu mawe yashushwe, isipokuwa la juu ya choo. Choo bado kina misumari.