Nilivyorekebisha maandishi ya mgongoni bila kujalidi upya

Majarida ya maktaba yetu yalirudi kutoka kwa fundi wa kujalidi yakiwa na maandishi yenye makosa mgongoni, na kila niliyemuuliza nifanyeje alikuwa na jibu lilelile: "Rudisha kwa fundi ajalidi upya." Rahisi kusema hivyo kama hujawahi kuona mashine ya kukatia karatasi ikipita kwenye jarida la zamani. Kila ukijalidi upya unapoteza milimita kadhaa za ukingo, na majarida yetu yalishakatwa mara moja. Kuna ramani zilizobakiwa na ukingo mwembamba kama uzi. Fundi akikata tena, anaondoka na majina ya miji.

Jarida lenyewe ni Tanganyika Notes and Records, lililoanza 1936. Baada ya Muungano wa 1964 likaja kubadilishwa jina, likawa Tanzania Notes and Records. Matoleo ya majina yote mawili yalipelekwa kwa fundi kwa pamoja, na jalada moja la zamani likiwa sampuli. Basi akapiga TANGANYIKA kwa dhahabu kwenye migongo yote, na kwa hisani yake akaongeza VOL. (yaani juzuu) kila mahali, wakati jarida hilo linahesabiwa kwa namba za matoleo. Mafundi wengi hawasomi, wananakili. Kwa asiyefanya kazi maktaba hilo ni kosa dogo, lakini jarida likibadili jina linapewa rekodi yake mpya na mahali pake rafuni. Wanafunzi walikuwa wanatafuta penye TANZANIA, hawaoni kitu, wanakuja kaunta kutuambia yameibiwa.

Mmoja akashauri kalamu nene ya wino mweusi: jalada ni la reksini nyeusi, kile kitambaa kilichopakwa kifanane na ngozi, na wino ni mweusi, nani ataona? Ataona yeyote mwenye macho, maana kwenye mwanga wino huo unang'aa zambarau.

Mwingine, mwenzangu wa idara, akaleta asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. "Dada, hii inatoa kila kitu." Na kweli ilitoa kila kitu. Dhahabu ikatoka, kisha pamba ikaanza kuwa nyeusi, yaani sasa inatoka rangi ya reksini. Uso wa jalada ukalainika na kunata, akagusa kuangalia kama umekauka, alama ya kidole ikabaki hapo hadi leo. Na baada ya mateso yote hayo, TANGANYIKA bado ilisomeka! Herufi za shaba zinazopigwa zikiwa moto hazipaki dhahabu tu, zinakandamiza na kuacha shimo. Uinamishe mgongo kidogo dirishani, herufi zote kumi zinakutazama. Tangu siku hiyo sifuti kitu.

Nikaamua kubandika kiraka. Niliomba vipande vya reksini nyeusi kwa fundi mwingine anayejalidi tasnifu za wanafunzi, nikavikata viweze kufunika maandishi ya zamani yote, kisha akavipigia herufi vikiwa vimelazwa mezani. Hapo ndipo penye ujanja: kitabu hakiendi kwa fundi kabisa, na kipande kikiharibika unatupa kipande. Maneno nilimchapia kwenye kompyuta kwa ukubwa uleule, mstari kwa mstari, nikamtaka ajaribu kwanza kwenye karatasi ya kawaida.

"Mama, kazi hii nimeianza kabla ya kompyuta."

"Najua, baba. Piga kwenye karatasi kwanza."

Ikatoka TANNANIA. Herufi zile za shaba zimegeuzwa kinyume, na Z ikilala ni N tupu. Tulicheka wote, ila yeye alicheka kidogo.

Gundi nyeupe ya mbao haishiki vizuri reksini inayoteleza, kwa hiyo nilipitisha msasa laini mahali pa kubandika, na nyuma ya kiraka kwenye kingo ili zisisimame. Kona nilizikata mviringo, kwa sababu kona kali ndiyo inayobanduka wa kwanza watu wanapovuta kitabu rafuni. Gundi iwe kidogo. Ukimwaga nyingi kiraka kinakunjamana.

Kilichonishinda mwanzoni ni kukandamiza. Mgongo wa jarida nene umebinuka, ukiweka uzito juu unagusa katikati tu, kingo zinabaki zimeachama. Jibu lilikuwa kwenye sanduku la huduma ya kwanza: bandeji ya kuvutika, ile ya kufungia kifundo cha mguu kilichoteguka. Weka nailoni juu ya kiraka, zungushia kitabu kizima bandeji kwa kuivuta kiasi, acha usiku kucha. Inafuata umbo la mgongo na kubana kila upande sawasawa. Meza yangu ilionekana kama wodi ya majeruhi, lakini hakuna kona hata moja iliyoinuka.

Fundi alitaka elfu chache kwa kila kipande, nikamshusha kwa kuwa vyote vilipigwa kwa mkupuo mmoja. Reksini nilipewa bure. Bandeji sijairudisha kwenye sanduku, na anayeihitaji aje kwanza aniambie ameteguka wapi.