Tareti ya Coral Sul: pingili za juu na beringi ndizo za kuchungwa

Coral Sul, mtambo unaoelea wa kugeuza gesi asilia kuwa kimiminika, ulifika bahari ya Cabo Delgado, Msumbiji, Januari 2022, na shehena ya kwanza ikaondoka Novemba mwaka huohuo. Una urefu wa mita 432, upana wa mita 66, na chini yake kuna maji ya kina cha mita 2,000 hivi. Umewekwa ukae hapo miaka mingi. Kusi likivuma, omo, yaani mbele ya meli, huelekea linakotoka. Kaskazi likiingia, mtambo hugeuka. Mkondo ukiwa mkali, hukaa katikati ya uelekeo wa upepo na wa mkondo. Kinachouwezesha kugeuka bila kusokota mabomba ya gesi ni tareti.

Tareti ni silinda kubwa ya chuma iliyosimamishwa ndani ya meli, upande wa omo, kutoka juu ya sitaha hadi chini ya maji. Yenyewe haigeuki, kwa sababu imeshikwa na amari, yaani minyororo na kamba za nanga, zilizotandazwa pande zote hadi sakafu ya bahari. Meli ndiyo inayoizunguka. Tareti ikiwa omo, upepo na mawimbi hurudisha tezi (sehemu ya nyuma ya meli) nyuma bila msaada wa mashine. Ikiwa karibu na katikati ya meli, lazima propela za pembeni zilinde uelekeo. Februari 2011, katika Bahari ya Kaskazini, meli ya kuzalishia mafuta ya Gryphon Alpha ilipoteza uelekeo kwenye dhoruba, ikapigwa ubavuni, na amari 4 kati ya 10 zikakatika. Ndiyo maana napendelea tareti ya omo popote inapowezekana.

Amari za Coral Sul ni 20, zenye uzito wa jumla wa tani 9,000. Kwenye kina kama hicho huwezi kutumia mnyororo mtupu. Mnyororo wa milimita 120 usio na kigingi ndani ya pingili (pete za mnyororo) una karibu kilo 287 kwa mita, na ukiwa majini kama kilo 250. Mita 2,000 zikining'inia tu ni tani 500 kwa amari moja, kabla meli haijavuta chochote. Kwa hiyo kwenye kina kirefu mnyororo huwekwa juu na chini, katikati ikapita waya au kamba ya poliesta. Poliesta hurefuka bila kurudi inapovutwa kwa nguvu mara za kwanza, hivyo ivutwe mapema, na mnyororo wa juu ubakishwe wa kutosha kukazia tena baadaye. Kamba hiyo isiguse mchanga: chembe zikiingia kati ya nyuzi, huzikata kutoka ndani.

Wakati wa kuunga meli na amari zake, nanga na amari huwa zimeshalazwa chini. Matagi, meli ndogo za kuvuta, hushikilia meli kutoka pande tofauti huku winchi ya tareti ikivuta amari moja, kisha ya upande wa pili, ili meli isiburutwe upande mmoja. Mkazo husomwa kwenye vipima mzigo na kuhakikiwa kwa pembe ya mnyororo unapotoka kwenye tareti. Namba hizo mbili zikipingana, usiendelee hadi ujue kwa nini.

Sasa mahali panapoua minyororo: pingili chache za kwanza chini ya kishikizo. Mwaka 2002, Angola, minyororo ya boya la kupakulia mafuta la Girassol ilianza kukatika kabla ya kumaliza miezi minane. Ilikatika kwenye pingili ya tano, ile ya kwanza iliyokuwa huru baada ya mdomo wa chuma unaoshika mnyororo. Mahesabu ya uchovu wa chuma (kudhoofika kwa mzigo unaorudiarudia) yalikuwa yamehesabu mvuto peke yake. Kumbe mkazo ukiwa mkubwa, msuguano kati ya pingili na pingili huzizuia kuviringika, na pale zinapogusana pameshabonyezwa bapa wakati mnyororo ulipopimwa nguvu kiwandani. Boya likiinama, pingili haizunguki, inapindwa kwa ubavu. Wimbi la sekunde 10 hupita mara 8,640 kwa siku. Dawa yake ni kishikizo chenye bawaba za pande mbili na mkono mrefu, ili kupinda kuishie kwenye bawaba. Lakini bawaba zikikwama kwa kutu au viumbe wa baharini, umerudi palepale. Roboti ya chini ya maji ikishuka, isipige picha ya mnyororo na kuondoka. Itazame kama mkono unacheza meli inapoinama.

Juu, mzigo wote wa amari na mabomba hukaa kwenye beringi kuu, inayoiwezesha meli kuizunguka tareti. Kitako chake kisiponyooka sawasawa, roli chache za beringi hubeba mzigo wa zote. Chukua sampuli za grisi kila zamu ya matengenezo, pima chembe za chuma, kagua mkazo wa bolti, na andika nguvu inayohitajika kugeuza. Kwenye meli ya kuzalishia mafuta ya Kwame Nkrumah, Ghana, beringi ya tareti iligundulika imeharibika Februari 2016. Matagi yakalazimika kushikilia uelekeo, na hatimaye tareti ikafungwa isigeuke na tezi ikawekewa amari zake. Ghana mawimbi makubwa hutoka kusini karibu mwaka mzima, kwa hiyo iliwezekana. Cabo Delgado, yenye misimu miwili ya pepo na iliyopigwa na kimbunga Kenneth Aprili 2019, nisingetaka kuona meli imefungwa uelekeo mmoja.

Kwenye swiveli, kiungo cha bomba kinachozunguka, gesi inapopita kutoka kwenye tareti kwenda kwenye meli, mafuta ya kuzuia huwekwa kwenye shinikizo kubwa kuliko la gesi, ili sili (kizibo cha kuzuia uvujaji) ikichoka mafuta yaingie ndani badala ya gesi kutoka nje. Kiwango cha mafuta hayo kikishuka, sili imeanza kwisha.

Amari ikikatika bahari ikiwa shwari, hakuna atakayeihisi sitahani. Vipima pembe navyo hufa ndani ya miaka michache. Tengeneza mapema jedwali la mahali meli itakapokaa iwapo amari namba 1 haipo, namba 2 haipo, hadi 20, kisha linganisha na GPS kila siku ya utulivu. Usanifu wa kawaida hudai amari ziwe na nguvu mara 1.67 ya mzigo mkubwa unaotarajiwa zikiwa zote nzima, na mara 1.25 moja ikikosekana. Hiyo 1.25 ni ya kungojea amari mpya, na mnyororo wa ukubwa huo haupatikani kwa wiki mbili. Uwe tayari ghalani.