Maziwa hayatoshi? Angalia pampasi kwanza

Wazazi wenzangu mliojifungua juzijuzi, hili swali la "hivi maziwa yangu yanamtosha kweli?" nadhani linatunyima usingizi kuliko hata mtoto mwenyewe. Mimi lilinisumbua sana kwa kifungua mimba wangu hapa Dar, na bado nasikia wadogo zangu wanalia nalo, so ngoja tuliongee.

Siku mbili tatu za mwanzo ukikamua unaona vitone tu vya njano, vizito, basi nyumba nzima inaanza, huyu anasema mtoto analia njaa, yule anataka apewe maji ya glukosi, mwingine keshaulizia maziwa ya kopo duka la dawa. Jamani vile vitone ndio dang'a yenyewe, imejaa kinga, na tumbo la kichanga siku ya kwanza ni dogo mno, kijiko kimoja cha chai hivi kinamtosha kwa mlo. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 4, ukijifungua kwa operesheni yanaweza kuchelewa kidogo, na kinachoyaleta ni mtoto kunyonya, mara 8 mpaka 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Sasa ukimjaza kopo ananyonya saa ngapi?

Halafu kulia hakupimi maziwa, analia joto, analia kubebwa, na jioni wengi wanang'ang'ania ziwa masaa bila kuachia, ni kawaida yao. Wewe angalia pampasi. Ile choo nyeusi inayonata inageuka kijani halafu njano kufikia siku ya 4 au 5, na kuanzia hapo akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo mweupe, anashiba huyo. Uzito usikutishe, siku za kwanza wanapungua kidogo karibu wote, cha muhimu ndani ya wiki 2 awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa, kwa hiyo kliniki usikose.

Maumivu nayo. Kuvuta kidogo mwanzoni sawa, ila chuchu ikichanika ujue hajashika vizuri, tusiambiane "vumilia ndio umama", hapana! Mimi nesi wa wodini alimgeuza mtoto tumbo lake likagusana na langu, pua ikatazama chuchu, akaigusisha mdomo wa juu akasubiri, akasubiri, mtoto alipoachama kama anapiga miayo ndio akamsogeza yeye kwenye ziwa, sio ziwa kumfuata yeye. Kidevu kikazama, ule weusi unaozunguka chuchu, upande wa chini, ukapotea wote mdomoni, na kwa mara ya kwanza nikasikia anameza. Nililia kwa furaha. Natamani kila mzazi aonyeshwe hivi kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Kuhusu maji, najua joto la huku na najua mabibi wanavyosisitiza, lakini maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji tayari, hata yakionekana mepesi, na mtoto hahitaji kingine mpaka miezi 6. Mama mkwe mwamkie, mtori wake kunywa wewe mpaka umalize bakuli, ila kikombe cha maji ya mtoto kikatae kwa adabu, na baba mtoto akusaidie kumwelewesha mama yake, usiachiwe peke yako.

Ila kuna ya kutosubiri. Mtoto analala tu hata kunyonya haamki, hakojoi, mwili unachemka au macho yanakuwa ya njano, mpeleke hospitali muda huohuo hata kama ni saa nane usiku. Na wewe ziwa likiwa jekundu, lina moto na una homa, nenda ukatibiwe, na ziwa hilohilo endelea kumnyonyesha kwa sababu likibaki limejaa ndio linazidi kuuma.