Kahawa Dodoma: onja maji kwanza, mashine baadaye

Mgeni akishuka stendi ya Nzuguni au stesheni ya SGR na kuuliza kahawa nzuri iko wapi, wenyeji humtajia viti: pale pana kivuli, pale pana intaneti, pale wanakaa waheshimiwa. Hakuna anayetaja maji. Na Dodoma maji ndiyo yanayoamua, kwa kuwa mji huu kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora. Ni maji ya chini ya ardhi, yamepita kwenye mwamba na kubeba madini, chokaa na chumvi vikiwemo. Sufuria ya nyumbani inakuonyesha: ule ukoko mweupe unaobaki chini baada ya kuchemsha. Ukoko huohuo hujijenga ndani ya mashine ya espreso ya mamilioni, ila humo hauonekani mpaka siku mashine inapogoma.

Tuanze na kijiwe, maana ndicho chenye historia na ndicho chenye bei ya kueleweka. Birika la bati juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo, kashata pembeni, watu wamezunguka wanabishana siasa au mpira. Kikombe ni kama mililita 65 na unalipa mia au mia mbili. Kahawa ya hapa huvumilia maji yetu kuliko ya mgahawani, na sababu zipo. Kwanza imekaangwa hadi karibu na weusi wa mkaa, ikatiwa tangawizi, kwa hiyo ladha ya maji inazama. Pili, maji yanachemka muda mrefu, na kuchemka kunaangusha sehemu ya chokaa. Ule ukoko ndio madini yaliyokwisha toka. Chumvi yenyewe haitoki kwa kuchemsha hata ukikesha nayo.

Kwa anayetaka kuipika nyumbani: lita 1 ya maji, gramu 50 za kahawa iliyosagwa kiasi (vijiko tisa au kumi vya chakula, visivyo vya mlima), kipande cha tangawizi kama kidole gumba kilichopondwa, na iliki tatu ukipenda. Tia tangawizi maji yakiwa baridi, subiri yachemke, ndipo utie kahawa. Epua povu linapopanda, rudisha, epua tena, kisha punguza moto na uache dakika tano. Baada ya hapo iweke pembeni dakika nyingine tano machicha yashuke. Utapata vikombe 12 au 13, kwa sababu machicha yanabaki na maji yake na mvuke unachukua kidogo. Ukitikisa birika wakati wa kumimina, umeharibu kazi yote.

Kijiwe kinaharibikiwa kwa jambo moja: birika la saa kumi jioni linalouzwa hadi saa tatu usiku. Mkaa unaendelea kuipika, maji yanapungua, muuzaji anaongeza maji bila kuongeza kahawa. Matokeo ni kinywaji ambacho ni chungu na chepesi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo usiulize kama ni nzuri, maana hakuna muuzaji atakayekujibu hapana. Uliza ameinjika saa ngapi. Mwenye mabirika mawili, moja la kuuza na jingine linalochemka, ndiye wa kumfuata. Kisha tazama ndoo. Ndoo moja ya kusuuzia vikombe vya watu arobaini si ya kuvumilia. Mzuri ana mbili, na mzuri zaidi anamwagia kikombe maji ya moto kabla ya kukujazia.

Kashata ya karanga isikataliwe. Karanga ni zao la ukanda huu. Kongwa hapo jirani ndipo Waingereza walipoanzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, wameshindwa na ukame na udongo unaokauka kama saruji. Wenye jembe la mkono bado wanavuna.

Sasa mgahawa wenye mashine. Espreso ya kawaida ni gramu 18 za kahawa, zinatoa gramu 36 hivi za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30, kwa shinikizo la bar 9. Ikitoka kwa sekunde 15 ni chachu na povu lake limepauka. Imesagwa kwa chembe kubwa mno au kahawa imechakaa. Ikijikokota hadi sekunde 45 inakuwa chungu ya kukauka ulimi. Barista, yaani mpika kahawa wa mgahawani, asiyepima anaweza kupatia asubuhi na kukosa mchana, kwa sababu hewa ya Dodoma ni kavu na siku inabadilika sana kati ya alfajiri na saa nane. Mashine ya kusagia inataka kurekebishwa zaidi ya mara moja kwa siku. Ukavu huohuo unafanya unga wa kahawa urukeruke na kunata kila mahali. Tone moja la maji likichanganywa na punje kabla ya kusaga linatuliza hali hiyo. Barista anayefanya hivyo anajua kazi yake.

Turudi kwenye maji, kwa sababu hapa ndipo fedha zinapopotea. Chokaa kikishika chombo cha kuchemshia, joto linapita kwa shida, umeme unaliwa zaidi, matundu madogo yanaziba, maji yanashuka upande mmoja wa kahawa na upande mwingine unabaki mkavu. Wengi wanafunga kichujio cha kulainisha maji na kudhani wamemaliza. Kichujio hicho kinabadilisha chokaa kwa sodiamu. Mashine inapona, lakini ladha ya chumvi inabaki palepale. Kuiondoa chumvi kunahitaji utando wa osmosisi, yaani maji yanasukumwa kwa nguvu kupita kwenye utando unaozuia madini. Nao una ugomvi wake: maji yakitoka matupu kabisa, kahawa inakuwa bapa, haina mwili, na baadhi ya mashine zinashindwa kujua kama tangi limejaa, kwa sababu kipimo chao kinategemea madini kupitisha umeme. Dawa ni kuchanganya: maji mengi ya utando, na kidogo ya bomba yaliyochujwa, mpaka ugumu uwe kati ya miligramu 50 na 100 kwa lita. Vipande vya kupimia ugumu havina bei ya kutisha na mwenye mgahawa hana kisingizio.

Ajabu ni kwamba meli kubwa za kitalii, zenye migahawa ya kahawa ndani, zina hesabu hiyohiyo. Maji yake mengi hutengenezwa kutoka baharini kwa mvuke au kwa utando, kisha hurudishiwa madini kabla ya kunywewa. Dodoma haina bahari, ila barista wa mtaa wetu wa Area D na wa melini wangeelewana haraka.

Njia ya kuujaribu mgahawa usioujua ni rahisi: agiza kahawa yako, kisha omba nusu glasi ya maji ya moto kutoka kwenye mashine. Yaache yapoe, uonje. Yakiwa na chumvi, hata punje za Mbinga hazitakuokoa. Mara ijayo agiza yenye maziwa au hamia juisi ya zabibu.

Kuhusu maziwa: yapashwe hadi nyuzi 60 au 65, yakipita 70 utamu unakufa na harufu ya kuungua inaingia. Maziwa yaliyokwisha chemshwa asubuhi, yakapoa, yakapashwa tena kwa bomba la mvuke, hayatoi povu laini. Utaona mapovu makubwa kama ya sabuni yanayokufa kabla hujakaa. Maziwa yaliyotiwa maji nayo hayana la kukupa. Ukimwona barista anapasha tena jagi lilelile kwa mteja wa pili, badilisha oda iwe kahawa nyeusi. Na bomba la mvuke lisilofutwa kwa kitambaa kila mara, ondoka.

Kahawa ya kuchuja au ya birika la kioo la kubonyeza haipatikani kila mahali, na inapopatikana mara nyingi inakosewa kwa kufuata maelekezo ya pwani. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Yale maagizo ya "acha yapoe dakika moja" hayatuhusu. Mimina yakiwa yanatokota: gramu 30 kwa nusu lita, dakika nne, bonyeza polepole.

Punje zote zinakuja kwa lori, maana Dodoma si mkoa wa kahawa. Arabika ya Kilimanjaro, Mbozi au Mbinga ndiyo inayofaa mashine na kichujio. Robusta ya Kagera ina uchungu na uzito unaofaa birika. Kwenye pakiti tafuta tarehe ya kukaangwa. Yenye tarehe ya kuisha tu inaweza kuwa imekaa ghalani miezi.

Kahawa ya chupa ya kutunza joto kwenye bufee za hoteli sitaijadili sana: baada ya nusu saa ladha yake imekwisha. Heri Africafe, kahawa ya unga ya papo hapo, unayojikorogea, kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya moto kweli.

Msimu nao una neno. Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti, migahawa ya katikati ya mji inajaa. Kahawa inakuwa mpya kwa sababu inazunguka haraka, lakini barista anakimbia na vipimo vinaachwa. Nenda kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tano. Jumamosi na Jumapili wabunge wakiondoka, angalia kinyume chake: kahawa iliyosagwa tangu Ijumaa na kusahaulika kwenye mashine.

Anayepanda treni asubuhi kwenda Dar abebe yake. Jaza chupa ya kutunza joto kwa maji yanayotokota, funika dakika tano, mwaga, kisha mimina kahawa iliyochujwa vizuri. Machicha yakiingia yanaendelea kuipika humo ndani. Usitie maziwa, yanachachua na kuacha harufu kwenye mfuniko. Ifungue kabla ya Morogoro. Ikichelewa hadi Dar bado itakuwa na moto, lakini hapo utaihitaji kashata.