Siku moja na madarasa mawili: moja la kelele, jingine la usingizi

Saa 1:30 asubuhi. Darasa bado tupu, lakini nidhamu ya siku inapangwa sasa. Nasogeza madawati mpaka nipate njia ya kumfikia kila mwanafunzi bila kumwomba mwenzake apishe. Kona asikofika mwalimu ndiko stori zinakozaliwa. Ubaoni naandika maswali matatu ya somo lililopita, mepesi kiasi cha kufanyika bila msaada wangu.

Saa 2:00. Nasimama mlangoni na kusalimia kila mmoja kwa jina. Aliyekuja amenuna anaonekana hapohapo, kabla hajalipuka. Wakikaa wanaanza maswali ya ubaoni, nami naita mahudhurio wakiwa wanaandika. Ukiita majina 40 huku mikono yao haina kazi, umewapa dakika 5 za kelele, halafu utatumia nyingine 5 kuizima.

Saa 2:20. Wawili wa nyuma wameanza kunong'ona. Siachi kufundisha. Natembea huku nikieleza na kusimama kando ya dawati lao bila kuwatazama; mara nyingi inatosha. Isipotosha, naweka kidole kwenye daftari. Ikibidi kusema, nainama na kusema kwa sauti ya chini: "Malizia swali la pili, narudi baada ya dakika 2." Kisha naondoka. Kuondoka ndiko kunakosahaulika. Ukimsimamia kijana mpaka atii, umemjengea jukwaa, na mbele ya wenzake afadhali adhabu kuliko aibu. Dakika 2 zikipita, rudi kweli. Usiporudi, kesho maneno yako hayana uzito. Na lile swali letu pendwa, "Kwa nini unaongea?", naliepuka. Halina jibu, lina ubishi tu.

Mtafiti wa Marekani Jacob Kounin, aliyechambua video za madarasa na kuchapisha matokeo mwaka 1970, aliona kuwa walimu wenye madarasa matulivu hawakuwazidi wenzao kwa ufundi wa kukemea. Waliwazidi kwa kuona mambo mapema na kutoruhusu somo likwamekwame.

Saa 3:10. Darasa la pili, kimya mno, macho dirishani. Hapa nauliza swali, nasubiri, ndipo nataja jina. Jina likitangulia, wengine wote wanapumzika. Miaka ya 1970 mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipima akakuta walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde 1. Walipofikisha 3, majibu yalirefuka na waliojibu wakaongezeka. Sekunde 3 za kimya ni ndefu ajabu ukiwa mbele ya darasa. Nazihesabu kwa vidole, mikono mgongoni.

Saa 4:00. Mapumziko. Anayesinzia kila siku namwita pembeni, dakika 3, bila hadhira. "Nimeona huandiki tangu juzi. Ubao unauona vizuri?" Naanza na macho, usingizi na njaa kabla ya tabia, kwa sababu "wavivu" wengine ni watoto wasioona ubao. Nikipata shaka namhamishia mbele kwa wiki moja na kuangalia daftari linavyobadilika.

Saa 4:30. Kazi ya vikundi, vipindi viwili mfululizo. Hapa ndipo somo huharibika haraka kuliko popote. Maelekezo natoa kabla hawajainuka. Viti vikishaanza kukwaruza sakafu hakuna anayesikia. Vikundi ni vya wanne. Mfaransa Max Ringelmann, katika matokeo aliyochapisha mwaka 1913, alionyesha kuwa watu wakivuta kamba pamoja, kila mmoja huvuta kwa nguvu pungufu kadiri kundi linavyokua. Darasani, kikundi cha wanane huwa na wavutaji wachache na abiria wengi.

Kila mmoja anapewa namba, 1 hadi 4, na sehemu yake ya maandishi ambayo wenzake hawana. Dakika 6 za kusoma na kuandika kimya, peke yake. Dakika 15 za kufundishana. Kisha nataja namba yoyote, tuseme 3, na kila namba 3 anawasilisha kazi ya kikundi kizima. Mwerevu anayependa kutawala analazimika kumfundisha mwenzake badala ya kumwandikia. Vyeo vya "mwenyekiti" na "katibu" pekee havisaidii: katibu anaandika, watatu wanapiga soga. Alama moja kwa wote nayo nimeiacha, kwani inamtuza mtegeaji na kumkasirisha aliyefanya.

Anayevuruga kikundi baada ya onyo moja anahamia dawati la peke yake na kazi ileile, sehemu zote nne. Ukimtoa nje bila kazi, umempa likizo, na wenzake wanaona.

Saa 8:00. Kipindi cha mwisho, wamechoka. Sizungumzi zaidi ya dakika 10 bila wao kuandika au kujadiliana wawiliwawili. Wala siadhibu darasa zima kwa kosa la watatu. Waliotulia hujifunza kuwa kutulia hakuna faida.

Saa 9:15. Daftari la matukio: saa, aliyevuruga alikaa na nani, kazi gani ilikuwa ikiendelea, nilifanya nini. Wiki mbili zikipita, mwelekeo unajitokeza. Leo mistari mitatu kati ya minne inaangukia dakika zilezile, za kugawa karatasi. Kesho karatasi zitakuwa juu ya madawati kabla ya kengele.