Kumbukumbu ya kinanda, wiki ya tatu: maina seveni na noti inayoshuka

Lengo langu ni moja tu, niache kukariri kodi (za muziki, yaani noti kadhaa kwa pamoja, sio zile za serikali) kama namba za simu, nijue zimeundwaje. Nimeanza na maina seveni.

Kuijenga sio ishu. Shika A, hesabu semitoni (hatua ya funguo moja hadi ya jirani, nyeusi nazo zinahesabiwa) 3 juu yake unapata C, 7 ni E, 10 ni G. A-C-E-G, Am7 hiyo, yaani A maina seveni. Ukianzia popote hesabu ni ileile, D inakupa D-F-A-C, E inakupa E-G-B-D, na kwenye skeli ya C meja (funguo nyeupe tupu) ziko hizo tatu tu. Nilidhani na B imo, B-D-F-A, kumbe F iko semitoni 6 badala ya 7, hiyo ina jina lake lingine.

Kilichonitesa sasa. Juzi nimeacha simu inarekodi, napiga C-E-G-A nikijua hii ni C siksi, kuja kusikiliza mbona kama Am7?? Noti ni zilezile nne aisee! Siku mbili nazunguka na hilo mpaka nikaleta mkono wa kushoto. Besi ikiwa C inatulia kabisa, nikihamisha kidole kimoja kwenda A, kulia sijagusa kitu, huzuni hiyo inaingia. Ila huzuni yenyewe sio ya kulia machozi, maana juu ya ile A pana C-E-G, yaani C meja nzima imejificha humo ndani, ndo maana Am7 haina ule uchungu wa Am kavu (A-C-E tu).

Leo nimehamia mfuatano wa kodi tatu, Dm7, G7, C meja seveni. Mwanzo nilikuwa naruka na mkono mzima kila kodi, inasikika kama mtu anapanda ngazi na mabuti. Sasa kushoto napiga D, G, C, kulia nashika F na C basi. C inashuka semitoni moja kwenda B, F haitoki, tayari G7. Halafu F inashuka E, B inabaki, nimefika. Kila mara ile saba (herufi ya saba ukihesabu toka noti ya besi, mfano D hadi C) ndo inashuka inakuwa tatu ya kodi inayofuata, nimeirudia kama mara hamsini kwa raha tu.

Mfuatano huo kwenye ki (skeli ninayopigia) ya C, F na G unaenda. B-flati bado, Cm7 inayoanza naitafuta kwa macho na kidole kidogo kinateleza kwenye funguo nyeusi. Tempo 60 (mapigo kwa dakika) naweza, 80 inavurugika yote.