Bastola moja, kaliba mbili: anza na uso wa slaidi, mtutu baadaye

Mwenye bastola ya kaliba (upana wa risasi) ya milimita 9 huuliza kama anaweza kununua mtutu wa .40 (sehemu 40 za mia za inchi, karibu milimita 10) akaupachika tu. Hawezi. Mwenye ya .40 akiuliza kama anaweza kushuka hadi 9, anaweza, ila kwa masharti. Ukishaelewa kwa nini wawili hawa wanajibiwa tofauti, mengine yote ni rahisi kufuata.

Kabla ya yote, toa magazini, vuta slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma), tazama chemba (sehemu ya mtutu risasi inapokaa) kwa macho, kisha ingiza kidole cha mwisho uhakikishe haina kitu. Risasi ziwe chumba kingine kabisa, si mezani pembeni yako.

Sasa vua slaidi uigeuze. Ule uso bapa wenye tundu dogo la pini katikati ndipo kitako cha risasi kinapokaa, na umechongwa kwa kipimo cha kitako hicho. Weka vanieri, kile kipimo cha kubana: kitako cha 9x19 kina karibu milimita 10, cha .40 S&W karibu milimita 10.8. Tofauti haifiki hata milimita moja, lakini inatosha kumaliza ubishi. Kitako cha .40 hakiingii kwenye uso uliochongwa kwa ajili ya 9. Cha 9 kwenye uso wa .40 kinaingia, kinabaki kinacheza kidogo. Kwa hiyo slaidi yako ya zamani inakuruhusu kushuka kaliba, haikuruhusu kupanda. Anayekuuzia mtutu mkubwa kwa slaidi ndogo hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Badiliko jepesi kuliko yote ni la .40 kwenda .357 SIG. Risasi hii ilitoka mwaka 1994: umbo la ganda la .40 likabanwa shingo ili lishike kichwa cha upana wa milimita 9. Kitako ni kilekile, kwa hiyo kucha inayovuta ganda haioni tofauti. Kwenye Glock 22 (22 ni namba ya modeli, kaliba yake ni .40), au SIG Sauer P226 ya .40, unabadilisha mtutu na kwa kawaida magazini ileile inaendelea kulisha. Kinachopanda ni shinikizo: kiwango cha juu cha .40 ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, cha .357 SIG ni 40,000. Slaidi inarudi kwa kasi zaidi, na springi yake inachoka mapema. Kabla hujafurahia sana, uliza dukani kama risasi hizo zinapatikana. Mtutu usio na risasi ni chuma cha kutunza kabatini.

Kushuka kutoka .40 hadi 9 kuna mambo mengi zaidi. Usichukue mtutu wa Glock 17, ambayo ni ya 9, ukautia kwenye slaidi ya Glock 22. Utaingia, ndiyo, lakini kwa nje ni mwembamba kuliko tundu la slaidi, kwa hiyo hautulii mahali pamoja na shabaha itatawanyika. Kinachotakiwa ni mtutu wa kubadilishia, uliotengenezwa kwa unene wa .40 kwa nje na njia ya 9 kwa ndani. Magazini iwe ya 9, maana midomo ya magazini ya .40 ni mipana na risasi ya 9 haishikwi kwa pembe inayotakiwa.

Hata hapo bado kuna kucha na kitupio, kipande kinachorusha ganda nje. Kucha ya .40 inashika ganda la 9 kwa ulegevu, na kitupio kiko mahali palipopimwa kwa ganda nene. Dalili utaziona haraka: ganda linasimama wima kwenye dirisha la slaidi kama bomba la moshi, au linarushwa moja kwa moja usoni. Watu wengi hukimbilia kulaumu risasi. Badilisha kitupio kwanza (kwenye Glock kimeunganishwa na nyumba ya kifyatulio, ni kipande cha bei ndogo), kisha kucha, ndipo ulaumu risasi. Na risasi zenyewe huwa na hatia wakati mwingine: slaidi ya .40 ni nzito, za mazoezi zilizopungukiwa nguvu hazifikishi mwisho.

Mtutu mpya ukifika, usiupeleke uwanjani kabla ya jaribio hili. Ushike mkononi ukiwa nje ya bastola, chemba ikitazama juu, udondoshe risasi bandia ya kaliba hiyo. Unatakiwa usikie mlio mkavu wa chuma, tik. Izungushe kwa kidole: izunguke bila kukwama. Pindua mtutu: risasi ianguke kwa uzito wake. Ikinata, chemba ina uchafu au ina kasoro. Safisha, rudia, na ikiendelea kunata mrudishie muuzaji. Usimpelekee fundi wa mashine ya kukereza akuchimbie. Ukuta wa chemba ukipungua hujui utavumilia nini.

Hatari kubwa ya kuwa na kaliba mbili ni kuchanganya risasi. Ya 9 ikiingia kwenye mtutu wa .40, haikai pale inapopaswa kuegemea mdomo wa ganda, inateleza mbele. Kucha ikiidaka, pini inaifikia na inalipuka, ganda linapasuka ubavuni kwa kukosa ukuta wa kuliegemeza, na kichwa kinapita kikigongagonga njia ya milimita 10. Chukua kaliba moja tu kwa safari moja ya uwanjani. Magazini za kila kaliba ziwe na alama ya rangi chini.

Seti za .22 ni habari nyingine, na kwa mazoezi ndizo zenye maana zaidi. Risasi ya .22 LR hulipuka kwa kugongwa ukingoni, si katikati, hivyo mtutu peke yake haukusaidii kitu. Unabadilisha sehemu yote ya juu: slaidi, mtutu, springi, na magazini. Colt waliuza seti ya namna hii kwa bastola zao za .45 tangu mwaka 1938, na CZ walitoa seti yao, Kadet, kwa ajili ya bastola ya CZ 75. Hazipendi risasi dhaifu. Tafuta zenye kichwa cha gramu 2.6 na kasi ya karibu mita 370 kwa sekunde. Za taratibu huacha slaidi nusu njia.

Halafu kuna vumbi letu. Vichwa vya .22 hupakwa nta au grisi, na upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti ukichanganya vumbi jekundu na nta hiyo unapata uji unaoziba chemba. Paka mafuta tone moja kila reli, futa yanayozidi, na safisha chemba kila baada ya risasi 200. Usifyatue seti ya .22 ikiwa tupu: kwenye nyingi pini hugonga ukingo wa chemba na kuacha kidonda, na baadaye maganda hayatoki.

Karatasi zitangulie pesa. Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakuhusu hata kama fremu ni ileile, na Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 inataja mtutu na slaidi miongoni mwa sehemu za silaha. Nenda polisi na leseni yako kabla ya kuagiza, ueleze kaliba unayotaka kuongeza, upate jibu kwa maandishi.

Ukishakamilisha, piga risasi kumi kumi kwa kila mtutu kutoka mita 15, ukiwa umeegemeza mikono. Makundi ya matundu hayatakaa mahali pamoja. Andika kila mtutu unapiga sentimita ngapi juu au pembeni, na karatasi hiyo ikae ndani ya kasha la mtutu wenyewe.